Mkulima Mdogo wa Kando ya Jiji na Misaada ya Serikali

TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Utekelezaji ulipamba moto mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Tangu hapo mashamba ya zabibu na mtama yaliyokuwa mbali na mji yamepakana na viwanja vya nyumba. Hali hii inatulazimu kuuliza: misaada ya Serikali kwa kilimo inamfikiaje mkulima mdogo wa pembezoni mwa jiji?

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba msaada ukishapitishwa katika bajeti, umekwisha kumfikia mlengwa. Msaada hupita katika daftari. Asiyeandikwa hapati.

Kwanza, mbolea.  Mpango wa sasa wa ruzuku ulianza Agosti 2022. Mkulima hujiandikisha katika ofisi ya kijiji au mtaa, hutaja ukubwa wa shamba lake, hupewa namba, kisha hununua kwa wakala kwa bei ya ruzuku.

Pili, mikopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii, na hutolewa hasa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mkulima aliye peke yake hubaki nje.

Tatu, ardhi, nayo ndiyo mzizi wa yote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo inataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Lakini haki isiyo na ushahidi ni rahisi kupuuzwa. Mwenye fedha kutoka mjini hununua mapema kwa bei ya shamba, huuza baadaye kwa bei ya kiwanja. Na aliyelima miaka 20 huwa kibarua katika ardhi aliyoizoea.

Hapa ndipo ulipo ukinzani: ruzuku ya mbolea haina maana kwa asiye na shamba, na mkopo hauzai kwa asiyejua kama msimu ujao atavuna.

Kwa hiyo wajibu wa kada hauishii kwenye hotuba. Orodha ya walioandikishwa isomwe hadharani mkutanoni. Wakulima wasaidiwe kuunda vikundi na kuomba hati kabla mpima ardhi hajafika. Tusipofanya hivyo, misaada ya umma itawanufaisha wanaojua njia za ofisini, na jembe litabaki mikono mitupu.