Macho Yanapokuwa Mzigo

Tunapozungumzia maisha ya chini kabisa ya bahari, mara nyingi tunawafikiria viumbe duni: wamepauka, macho yamefifia, mifupa imelegea, kana kwamba wenzao wenye nguvu waliwafukuza kutoka juu wakaishia huko. Kundi moja la samaki linatosha kuupinga mtazamo huo. Wanasayansi huliita Ophidiiformes, na lina spishi zaidi ya 500. Kwa umbo wanafanana na mkunga: mwili ni mrefu, unachongoka kuelekea mkiani, na kwa wengi wao pezi refu la mgongoni na la chini hukutana na mkia. Hata hivyo si mikunga. Uchunguzi wa vinasaba unawaweka karibu na shina la tawi kubwa lililowazaa pia jodari, changu na perege. Wako kwenye miamba ya matumbawe, kwenye mapango ya maji baridi, ndani ya miili ya wanyama wengine, na kwenye vilindi vya zaidi ya mita 5,000. Ninachodai hapa ni kwamba wameweza kuenea hivyo kwa sababu, kizazi baada ya kizazi, waliacha viungo ambavyo gharama yake ilizidi faida.

Mchukue Acanthonus armatus, samaki wa vilindi mwenye kichwa kikubwa na mwili mwembamba. Ubongo wake, ukilinganishwa na uzito wa mwili, unahesabiwa kuwa miongoni mwa midogo kabisa kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo. Ukiishia hapo, utamwita punguani. Lakini watafiti waliompima katika miaka ya 1980 walikuta pia mifereji mikubwa mno ya sikio la ndani, na fuvu lililojaa zaidi majimaji kuliko ubongo. Kibofu cha hewa hana, na misuli yake ni hafifu. Kilindini chakula kinachofika ni masalio tu ya kile kinachozalishwa juu kwenye jua, na ubongo na misuli ni viungo vinavyokula sana. Samaki anayeelea polepole, akasikiliza, akasubiri, ataishi pale ambapo jodari angekufa njaa. Mwenzake Typhlonus nasus, ambaye macho yake yamezama chini ya ngozi, alinaswa na meli ya Uingereza Challenger katika miaka ya 1870. Mwaka 2017 meli ya utafiti ya Australia ilimpata tena, magazeti yakamtangaza kuwa samaki asiye na uso. Nadhani hapo ndipo tunapokosea: tunahesabu kilichokosekana, tukisahau kuuliza kilibadilishwa na nini.

Mtu anaweza kupinga kwamba huku ni kuchakaa tu. Gizani jicho bovu halimdhuru mwenyewe, kwa hiyo makosa ya kurithi hujilimbikiza mpaka jicho likapotea bila faida yoyote. Hoja hiyo ina uzito, na huenda inaeleza sehemu ya mambo. Lakini gharama ya kuona imepimwa. Kwa samaki vipofu wa mapango ya Meksiko, ambao ni wa ukoo mwingine kabisa, watafiti walikadiria mwaka 2015 kwamba macho na sehemu za ubongo zinazoyahudumia zingetumia kati ya asilimia 5 na 15 ya nishati ya mwili uliopumzika, kutegemea ukubwa wa samaki. Kwa mnyama anayeishi kwa kubahatisha mlo, hicho si kiasi kidogo. Samaki wa Ophidiiformes nao walifika mapangoni: jenasi ya Lucifuga, iliyoelezwa na Mcuba Felipe Poey mwaka 1858, ina spishi vipofu zinazozaa watoto hai katika maji ya chini ya ardhi ya Cuba. Tena, kama ni kuchakaa tu, mbona viungo vingine vimeimarika? Spishi nyingi za kundi hili zina mapezi ya tumboni yaliyosogea hadi kooni na kubaki nyuzi mbili tatu za kupapasia tope. Madume wa Ophidion rochei, wa Bahari ya Mediterania na Bahari Nyeusi, wana mfupa wa pekee uliounganishwa na kibofu cha hewa. Misuli huuvuta, na usiku hutoa mlio wa kumwita jike. Jike hana mfupa huo.

Mfano ninaouona kuwa na nguvu kuliko yote uko karibu nasi, kwenye maji mafupi ya Bahari ya Hindi. Samaki wa familia ya Carapidae hujificha ndani ya chaza, viti vya pweza na hasa majongoo bahari. Jongoo bahari hupumulia kwa tundu la nyuma, hivyo hawezi kulifunga daima. Samaki hungoja lifunguke, kisha hujiingiza, mara nyingi mkia ukitangulia. Magamba hana, mapezi ya tumboni hana, kwa hiyo hakuna kinachokwaruza wala kukwama. Njia yake ya haja imesogea hadi karibu na koo, hivyo hutoa kichwa kidogo tu na kujisaidia nje ya nyumba. Wengine hutoka usiku kuwinda na kurudi. Baadhi ya Encheliophis hawatoki sana, kwani humla mwenyeji viungo vya ndani, na jongoo huviotesha upya. Ndani ya giza hilo hawako kimya pia: Carapus boraborensis wawili wakikutana ndani ya jongoo mmoja hutoa sauti, na vinasa sauti vya watafiti vimezisikia. Mbele ya haya yote, kusema mnyama huyu amepungukiwa ni kumpima kwa vigezo vya samaki wa maji ya wazi.

Iko pia hoja ya ushindi, nayo nataka kuipunguza badala ya kuikuza. Vitabu vingi humtaja Abyssobrotula galatheae kuwa samaki aliyepatikana ndani zaidi kuliko wote, mita 8,370, katika bonde la Puerto Rico mwaka 1970. Wavu uliotumika ulikuwa wazi muda wote ukipandishwa, hivyo huenda samaki aliingia akiwa juu zaidi. Samaki waliothibitishwa kwa kamera ni wa familia nyingine, wale wenye miili laini kama jeli, na mmoja wao alipigwa picha mwaka 2022 katika mita 8,336 karibu na Japani. Rekodi ikianguka, hoja yangu inabaki palepale, maana haikujengwa juu ya bingwa mmoja bali juu ya mamia ya spishi.

Wanaoshikilia kwamba elimu hii haina faida mezani waitazame Afrika Kusini. Genypterus capensis, mwanakundi anayeuzwa huko kwa jina la kingklip, alianza kuvuliwa kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi mwaka 1983. Idadi yake ikaporomoka, na uvuvi huo ukasitishwa mwaka 1990. Huyo ana macho mazima na misuli ya kuliwa, lakini bado hakuhimili kasi ile. Sasa mashirika yanataka kuchimba madini katika sakafu ya Pasifiki kati ya Hawaii na Meksiko, ambako ndugu wa kingklip wa vilindini ni miongoni mwa samaki wanaoonekana mara nyingi mbele ya kamera zenye chambo. Kanuni za uchimbaji huo hujadiliwa Kingston, Jamaika, kwenye Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari. Kenya na Tanzania ni wanachama, na wajumbe wao wana haki ya kudai kwamba samaki wa eneo hilo wahesabiwe na kuelezwa kwanza, kabla mashine haijagusa tope.