Mahindi uliyoyakataa usimpe mbwa

MBWA ni mlinzi asiyedai mshahara, na huenda ndiyo sababu wengi wetu hatujali sana anachokula. Katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, chakula cha mbwa ni kile kilichobaki: ukoko wa ugali, makombo ya mezani, mapafu ya bei rahisi kutoka buchani, au unga uliokaa hadi ukaharibika. Husemwa kwamba mbwa ana tumbo la chuma. Jambo hilo si kweli, na limewagharimu wengi mbwa wao. Isitoshe, baadhi ya yale anayolishwa mbwa huweza kuleta ugonjwa kwa watoto wako.

Ikiwa unafuga mbwa, au unatarajia kununua mtoto wa mbwa, ni vyema ujue mambo machache kuhusu chakula chake kabla ya kwenda dukani.

Sumu ndani ya gunia

Mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri, au yaliyowekwa mahali penye unyevu, huota kuvu. Baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Wakenya wanaijua kwa uchungu. Mwaka 2004 watu 317 waliripotiwa kuugua, na 125 kati yao wakafa, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Wengi hawajui kwamba mbwa walitangulia. Mwaka 1977 mbwa wengi walikufa kwa sumu hiyo hiyo katika miji ya Kenya, ikiwemo Nairobi na Mombasa, kwa sababu ya chakula kilichohifadhiwa vibaya.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi na aflatoksini. Tena wewe hula ugali leo, wali kesho na chapati kesho kutwa, lakini mbwa hula kutoka gunia lile lile kila siku hadi liishe. Sumu ikiwa humo, ataipata asubuhi na jioni, na ini lake ndilo litakaloharibika.

Watu wengi hudhani kwamba kupika kunaondoa sumu hii. La hasha. Moto huua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kuingia katika punje haiondolewi na moto wa jikoni. Wala huwezi kuiona kwa macho. Hapa nchini kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ya kuliwa na watu ni sehemu 10 tu kwa kila sehemu bilioni moja. Kwa hivyo mahindi yaliyobadilika rangi, yenye harufu ya uvundo au yaliyoshikana kwa unyevu, yasinunuliwe hata kama muuzaji anakuambia kuwa ni "ya mbwa tu." Kama hayakufai wewe, hayamfai yeye.

Chakula cha kiwandani nacho si kinga kamili. Mwishoni mwa mwaka 2005 huko Marekani, mbwa wapatao 100 au zaidi walikufa baada ya kula chakula kikavu kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Basi ukiona mbwa wako amekataa chakula, anatapika, amelegea, macho na ufizi vimegeuka manjano au kinyesi kina damu, acha kumpa chakula hicho mara moja na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Beba na chakula chenyewe.

Jifunze kusoma mfuko

Picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa haikuambii lolote. Geuza mfuko usome maandishi madogo. Kwanza tafuta ikiwa chakula hicho ni lishe kamili au ni cha kuongezea tu. Pili, tazama kimekusudiwa nani: mtoto wa mbwa anayekua au mbwa mzima. Tatu, soma orodha ya vitu vilivyotumika. Kwa kawaida huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ikiwa nyama au samaki anaonekana mwishoni, nyuma ya mahindi, ngano na pumba, umejua unachonunua.

Kisha tazama kiasi cha protini. Viwango vya AAFCO, muungano wa maafisa wa Marekani wanaosimamia vyakula vya mifugo, hufuatwa na watengenezaji wengi duniani. Vinataka chakula cha mbwa mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 18, na cha mtoto wa mbwa asilimia 22.5, baada ya kuondoa hesabu ya maji. Linganisha na unga wa mahindi, wenye protini asilimia 8 hivi. Mbwa anayelishwa ugali mtupu atashiba, lakini hupata karibu nusu tu ya protini inayotakiwa.

Kuondoa hesabu ya maji ni rahisi. Tuseme mkebe umeandikwa protini asilimia 8 na maji asilimia 78. Toa 78 kutoka 100, utabaki na 22. Gawa 8 kwa 22, utapata asilimia 36 hivi. Mfuko wa chakula kikavu wenye protini asilimia 22 na maji asilimia 10 utakupa asilimia 24 hivi. Bila hesabu hiyo ungedhani mfuko umeushinda mkebe.

Mwisho, tazama tarehe ya kuharibika, na ujihadhari na chakula kinachopimwa kutoka gunia lililo wazi dukani. Huwezi kujua lilifunguliwa lini, na mafuta yaliyomo huchacha yakipigwa na hewa na jua. Ni heri ununue mfuko mdogo uliofungwa, uuhifadhi mahali pakavu, juu ya ubao, wala si sakafuni.

Watoto wa mbwa si mbwa wadogo

Mtoto wa mbwa hujenga mifupa na misuli kwa miezi michache tu. Kosa atakalofanyiwa wakati huo huenda asipone. Kuna makosa mawili yanayotokea sana mijini.

La kwanza ni kumlisha nyama tupu kwa kudhani kwamba ndiyo mapenzi. Nyama ina fosforasi nyingi lakini kalsiamu kidogo mno. Mwili unahitaji kalsiamu gramu moja hadi mbili kwa kila gramu ya fosforasi. Ukiikosa katika chakula, huichota kutoka mifupa yenyewe. Matokeo yake ni mtoto wa mbwa anayechechemea, mwenye miguu iliyopinda, na ambaye mfupa unaweza kuvunjika kwa kuruka tu.

La pili ni kinyume chake. Mwenye German Shepherd au Rottweiler hununua chakula kizuri cha watoto wa mbwa, kisha huongeza unga wa mifupa ili "akue haraka." Utumbo wa mtoto wa mbwa hauwezi kuizuia kalsiamu iliyozidi, na mbwa wa aina kubwa ndio huumia zaidi kwenye mifupa na viungo. Ikiwa chakula ni lishe kamili, usiongeze kitu bila ushauri wa daktari.

Mtoto wa mbwa aliyeachishwa kunyonya apewe chakula mara nne kwa siku hadi miezi mitatu au minne, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Chakula chochote kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja.

Ukipika nyumbani

Si kila mtu anaweza kumudu chakula cha mfuko, na si lazima. Mbwa mzima anaweza kuishi vizuri kwa chakula cha kupikwa, mradi kisiwe ugali na mchuzi tu. Nyama, mayai au samaki wawe angalau theluthi moja ya sufuria, pamoja na mchele au unga safi na mboga kidogo. Omena ni wazuri kwa sababu huliwa na mifupa yao, hivyo huleta kalsiamu. Lakini wanaouzwa kwa ajili ya kuku mara nyingi huwa na mchanga mwingi. Nunua wale ambao ungewala wewe, uwaoshe na kuwachemsha. Usitie vitunguu, kwani huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti vyenye ncha, na chokoleti ni sumu kwake.

Jihadhari zaidi na mapafu, maini na figo mbichi. Viungo hivyo vya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye vijidudu vya tegu mdogo. Mbwa akivila, tegu huyo hukomaa tumboni mwake bila kumdhuru, na mayai yake hutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya. Mtoto anayemkumbatia mbwa, kisha akala bila kunawa, huyameza. Vifuko kama vile huanza kukua katika ini au mapafu yake, na miaka inaweza kupita kabla ya kugunduliwa. Mara nyingi tiba ni upasuaji. Turkana imekuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na shirika la AMREF limepambana na ugonjwa huu huko tangu miaka ya 1980. Lakini mifugo husafirishwa hadi mijini, na vifuko husafiri nao.

Kwa hivyo nunua viungo vilivyopitishwa na mkaguzi wa nyama, vikate vipande vidogo, na uvichemshe kwa angalau dakika 40. Mkichinja nyumbani wakati wa Krismasi au Idd, kiungo chenye kifuko kichomwe au kizikwe kwa kina, asikipate mbwa wako wala mbwa koko. Muulize daktari ratiba ya dawa ya minyoo, na umwambie wazi kama mbwa wako hula viungo vya ndani, kwa maana si kila dawa humuua tegu huyo.

Leo jioni, kabla ya kumwekea mbwa chakula, fungua gunia au mfuko wake unuse, kisha utazame tarehe. Halafu mpapase mbavuni. Zikisikika chini ya vidole bila kuonekana zimetokeza, anakula kiasi kinachomtosha.