Je, Wajua? Saa za Kazi Kwenye Kilima cha Nsambya

Je, wajua kwamba saa ya ukutani ya Kampala inafuata jua la Mogadishu? Kenya, Tanzania, Uganda na Somalia zote zinatumia saa ileile, inayotangulia ile ya Greenwich kwa saa 3 kamili. Hiyo ni saa ya mstari wa nyuzi 45 mashariki, na mstari huo unapita Somalia, jirani kabisa na Mogadishu. Kampala iko kwenye nyuzi 32.6. Kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, jua likishakuwa utosini huko Somalia huchukua kama dakika 50 kufika juu ya kilima cha Nsambya, Kampala. Dar es Salaam, iliyo mashariki zaidi, hungoja dakika 23 hivi.

Ukipanga kazi za watu, jambo hili lina uzito. Nsambya na Kibuli ni vilima jirani, kimoja chenye misheni ya Kikatoliki, kingine chenye msikiti mkubwa. Kwa desturi ya Kanisa, sala ya Malaika wa Bwana ya mchana husaliwa saa sita, kwa saa ya ukutani. Adhuhuri ya Waislamu hufuata jua: mapema mwezi Novemba huingia baada tu ya saa sita na nusu, na katikati ya Februari husogea mpaka saa saba na dakika chache. Ofisi za serikali ya Uganda huenda mapumziko saa sita na dakika 45 na kurudi saa nane. Malaika wa Bwana huwa imekwisha kusaliwa, na Adhuhuri hupata nafasi yake ndani ya mapumziko hayo, ndiyo maana naona ni makosa kwa msimamizi kuchomeka kikao saa saba na kudhani ameokoa muda.

Mchana wenyewe hapa ni takribani saa 12 na dakika 7, Januari hadi Desemba. London hupata zaidi ya saa 16 za mwanga mwezi Juni na chini ya 8 mwezi Desemba. Mtu anayefanya kazi nje, Nsambya, anaweza kupanga siku yake mara moja na mpango ukamfaa mwaka mzima, mvua ikimruhusu.

Je, wajua kwamba Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Nsambya, ilianzia chini ya mwembe? Wamisionari wa Mill Hill walifika Buganda mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, na Kabaka Mwanga akawapa kilima. Januari 1903 wakaja masista sita Wafransisko, mmoja wao Mother Kevin, mzaliwa wa Arklow, Ireland, ambaye Waganda walimwita Mama Kevina. Chini ya mwembe huo ndipo walipoanza kutibu watu. Mwaka 1921 yeye na daktari Evelyn Connolly walifungua hapo shule ya wauguzi na wakunga. Kwangu mimi mwaka huo wa 1921 una uzito zaidi kuliko 1903. Masista wachache wanaweza kutibu mchana kutwa na kukesha usiku, kisha wakachoka. Shule ndiyo inayotoa watu wa kupokezana, na bila watu wa kupokezana hakuna zamu.

Na hapo kwenye kupokezana ndipo penye jambo lenyewe. Tukisema usimamizi wa muda, wengi tunafikiria kwenda mbio. Ukichunguza sehemu za kazi utaona muda haupotei sana mtu akiwa katikati ya kazi yake. Hupotea kwenye maungio: kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, au mtu anapoacha shughuli moja na kushika nyingine.

Chukua mfano wa wodi yoyote saa ya kubadilishana zamu. Muuguzi wa usiku amechoka, anataka kuwahi teksi kabla foleni haijashika. Wa asubuhi ndiyo kwanza anavaa aproni. Akiambiwa tu, "Dada, kitanda cha nne hajalala vizuri," ataanza upya: atafungua faili, atapima presha, atatafuta nani aliyeweka dripu na saa ngapi, na mgonjwa wa kitanda cha tano atangoja. Akiambiwa mgonjwa ni nani na ana shida gani sasa hivi, alilazwa kwa sababu gani na amepewa nini, aliyemhudumia usiku anaonaje hali yake, na nini kifanyike kabla ya saa tatu, anaanzia pale mwenzake alipoishia. Maelezo hayo ni ya dakika mbili.

Je, wajua mpangilio huo wa mambo manne ulitoka wapi? Ulitoka kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani, ambako taarifa iliyokosewa ni hatari kwa wote waliomo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari na wauguzi wa shirika la afya la Kaiser Permanente waliuchukua wakaufanyia kazi hospitalini, na leo unafundishwa katika vyuo vya uuguzi nchi nyingi.

Jambo linalofanana na hilo lilipimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya ukaguzi wa upasuaji, yenye vipengele 19, liliijaribu katika hospitali nane: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland na Ifakara, Tanzania. Hospitali ya Ifakara nayo ni ya Mtakatifu Fransisko, kama ya Nsambya. Orodha inawataka watu wa chumba cha upasuaji wasimame mara tatu: kabla ya ganzi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa. Wajitambulishe kwa majina, wathibitishe mgonjwa ndiye, wahesabu vifaa na pamba. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Dakika chache za kusimama na kusemezana ziliokoa watu.

Mtu wa ofisini atasema hayo ni ya hospitali. Basi na asikie hili. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiacha kazi kabla haijaisha na kushika nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ya pili huifanya vibaya zaidi. Karani anayeandika barua, akajibu simu, akarudi kwenye barua, akaitwa na bosi, siku nzima anafanya kazi kwa akili iliyogawanyika. Mwaka 2018 Leroy na mwenzake Theresa Glomb walipata dawa rahisi: kabla hujaondoka kwenye kazi iliyokatizwa, andika kwa kifupi umefika wapi na utaanzia wapi ukirudi. Waliofanya hivyo walifanya kazi ya pili kwa akili iliyotulia zaidi. Ni kama kujikabidhi zamu mwenyewe. Nimelichukua jambo hili na sioni sababu ya mtu yeyote kuliacha. Karatasi na kalamu vinatosha.

Je, wajua kwamba gundi ina ratiba yake? Nsambya inajulikana Kampala nzima kwa mafundi seremala wa kandokando ya barabara ya Ggaba, wenye vitanda, makabati na fremu za makochi zilizopangwa mpaka ukingoni mwa lami. Mtazame fundi mzuri akiunga mguu wa meza. Anapaka gundi nyeupe ya mbao kwenye ulimi, anaugonga ndani ya tundu, anabana kwa jiriwa, anafuta iliyofurika kwa kitambaa chenye maji. Kisha haketi. Gundi ya aina hiyo inataka kubanwa nusu saa hadi saa nzima, na nguvu yake kamili huipata baada ya siku nzima. Kwa hiyo anapiga msasa mbao za kitanda cha mteja mwingine, anaingia kwenye randa, anarudi kufungua jiriwa. Vanishi anaipaka mwisho, jioni ikiwa kavu, kwa sababu hewa yenye unyevu huichelewesha. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, miezi ya mvua Kampala, fundi anayeahidi tarehe kama ya Januari anajitafutia ugomvi.

Kuahidi tarehe isiyowezekana hata hivyo si tabia ya mafundi peke yao. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti wa wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 33.9. Walipoombwa wakadirie kama kila kitu kingekwenda mrama, walisema siku 48.6. Walitumia siku 55.5. Hata hofu yao ilikuwa na matumaini kupita kiasi! Kila mmoja alikuwa akiifikiria tasnifu iliyo mbele yake, akasahau jinsi kazi za nyuma zilivyomchelewesha. Ukienda kuagiza kabati, basi, usimuulize fundi litakwisha lini. Muulize la mwisho alilotengeneza lilichukua siku ngapi, kisha hesabu kwa hilo.

Je, wajua kwamba chini ya kilima hiki mahali pameitwa Mnara wa Saa kwa sababu ya ziara moja? Mnara ulijengwa kwa ujio wa Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, alipokuja kuzindua bwawa la Owen Falls, Jinja. Barabara za Entebbe, Queensway na Nsambya zinakutana hapo, na foleni yake ndiyo iliyoleta mradi wa barabara ya juu uliofadhiliwa na Japani, kazi ikianza 2019. Mwaka huohuo wa 1954, Wizara ya Makoloni kule London, iliyotawala Uganda, ilikuwa na maofisa 1,661. Mwaka 1935 walikuwa 372. Mwandishi C. Northcote Parkinson alizitumia takwimu hizo kuonyesha kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopo, na ofisi hukua hata kama kazi yenyewe haijaongezeka. Makala yake ya kwanza kuhusu jambo hilo ilitoka katika gazeti la The Economist mwaka 1955. Baada ya miaka saba Uganda ilipata uhuru.

La mwisho ni la sheria, na ningependa kila mwajiriwa wa Nsambya alijue, wa wodini na wa karakana. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha saa 48 za kazi kwa wiki, idadi ileile ya mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1919. Pande mbili zikikubaliana zinaweza kuongeza, lakini zisizidi saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki; kwa kazi za zamu, kikomo hicho huhesabiwa kwa wastani wa wiki tatu. Anayefanya kazi saa 8 au zaidi kwa siku ana haki ya mapumziko ya dakika 30. Baada ya siku sita mfululizo, lazima apate saa 24 za kupumzika. Saa za ziada katika siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa, na za sikukuu ya kitaifa mara mbili. Ili haki hizi zisikupotee, andika saa unazoingia na kutoka, kila siku, kwa mkono wako, na uyatunze maandishi hayo nyumbani.