Mlinda Mlango Mrefu na Mfupi

Katika nchi ya Kanada baridi ni kali hata maji ya maziwa huganda yakawa magumu kama sakafu. Juu ya barafu hiyo watu hucheza mpira wa magongo, nao huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wakateleza upesi kuliko mtu akimbiaye. Kitu wanachokipiga ni kisahani kigumu cha mpira, upana wake inchi 3 na unene inchi 1. Kikipigwa na mwenye nguvu huweza kupita mwendo wa maili 100 kwa saa.

Mlango una upana wa futi 6, na kwenda juu futi 4 tu. Labda utauliza, mlango mfupi hivi wataka mlinzi mrefu wa nini? Zamani hawakumtaka. Roy Worters alikuwa na kimo cha futi 5 na inchi 3, naye mwaka 1929 alipewa tuzo ya mchezaji aliyeifaa timu yake kupita wote. Hapana mlinda mlango aliyeipata kabla yake.

Lakini Worters alilinda siku ambazo walinzi walisimama wima. Siku hizi mlinzi hupiga magoti na kutandaza miguu pande mbili, kama kipepeo afunguaye mabawa, apate kuziba chini. Hapo ndipo kimo kina kazi. Mrefu akipiga magoti, mabega yake hukaribia mwamba wa juu. Mfupi huacha nafasi, na mpigaji hodari huiona mara moja. Kwa hiyo wateuzi hupenda vijana wanaopita futi 6, na wafupi huachwa, pengine kwa haraka mno.

Maana mfupi ana dawa yake. Weka mkono kati ya taa na ukuta. Ukiusogeza karibu na taa, kivuli hukua. Vivyo hivyo mlinzi akitoka kumwelekea mpigaji, humfichia sehemu kubwa ya mlango. Ila kisahani kikirushwa ghafula upande wa pili, mlango u wazi nyuma yake. Yampasa awe na miguu myepesi na macho makali.

Juuse Saros wa Ufini amepungukiwa na inchi 1 kufikia futi 6. Mwaka 2013 timu ya Nashville ilimchagua baada ya vijana 98 kuchaguliwa. Mwaka 2022 alikuwa mmoja wa watatu walioshindania tuzo ya mlinda mlango bora. Tuzo ilimwendea Igor Shesterkin wa Urusi, mtu aliyempita kimo kwa inchi mbili au tatu.