Miungu ya Wahindu: Wengi kwa sura, mmoja kwa asili

MKAZI wa Nyakuron anayepanda basi la kutoka Juba kwenda Kampala kupitia Nimule, kisha akaendelea hadi Nairobi, hukutana njiani na mahekalu ya Wahindu. Viatu vimeachwa mlangoni. Ndani kuna sanamu yenye mikono minne, na nyingine yenye kichwa cha tembo. Wapo wanaohukumu papo hapo: hawa wanaabudu masanamu.

Hukumu ya namna hiyo si ngeni Sudan Kusini, kwani dini za wazee nazo zilidharauliwa hivyo hivyo. Lakini Mdinka humtaja Nhialic, aliye juu, kuwa mmoja, na bado wapo Deng wa mvua na radi, na Abuk anayehusishwa na wanawake na mazao ya shamba.

Dini hizi mbili hazina asili moja, ila anayeielewa ya kwanza hatashangazwa sana na ya pili. Katika maandiko ya kale ya Wahindu, yaitwayo Upanishadi, mwenye hekima Yajnavalkya aliulizwa miungu ni wangapi. Alianza na 3,306, akashuka hadi 33, na alipozidi kuulizwa akaishia kwa mmoja. Wahindu wengi humwita Brahman, asili ya vyote.

Wanaotajwa mara nyingi ni watatu: Brahma muumbaji, Vishnu mlinzi, na Shiva anayeangamiza ili upya uanze. Vishnu hushuka duniani kwa maumbo mbalimbali, yakiwamo ya Rama na Krishna. Wapo waumini wanaomwona Vishnu kuwa ndiye mkuu, na wengine Shiva.

Miungu wa kike nao wana nafasi kubwa. Saraswati ni wa elimu na muziki. Lakshmi ni wa neema na mali, na wengi humwashia taa wakati wa Diwali. Parvati ni mke wa Shiva, na Durga hupigana na uovu. Mwenye kichwa cha tembo ni Ganesha, mwana wa Shiva na Parvati, aondoaye vikwazo. Anayefungua duka jipya huanza kwa kumwomba yeye.

Kutojuana kuna gharama. Mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, nao wakaacha nyumba, maduka na mahekalu. Mwaka huo huo, mkataba wa amani wa Addis Ababa uliwafungulia wakimbizi wa kusini mwa Sudan, wakiwamo waliokuwa Uganda, njia ya kurudi kwao. Pande zote mbili zinajua maana ya kuitwa mgeni.

Tangu mwaka 2016 Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Wahindu wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ni majirani wa Nyakuron. Anayetaka kuwajua avue viatu mlangoni, aingie kwa heshima, na aulize kabla ya kuhukumu.