Kisukari cha Paka Nyumbani

Paka naye hupatwa na kisukari. Akinywa maji mno na kukonda ilhali ala vizuri, apelekwe kwa daktari wa wanyama. Jamaa zetu wa Morogoro, hata wa milimani Uluguru, wanayo hospitali ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Insulini hudungwa chini ya ngozi, kwa kawaida mara 2 kwa siku. Twaona saa 12 asubuhi na saa 12 jioni zafaa. Ramadhani msizihamishe kwa ajili ya daku. Kwanza mtoeni tone la damu ukingoni mwa sikio, mpime. Asipokula, msimdunge kabla ya kumwuliza daktari, kwani sukari ikishuka mno huua upesi. Akitetemeka au kupepesuka, mpakeni asali ufizini, kisha mbio kwa daktari.