Gari Likikaa Miezi Miwili Mbololo: Njia za Kutunza Betri na Gharama Zake

Shule zikifungwa mwisho wa Oktoba, mabasi ya wanafunzi hapa Voi huegeshwa hadi Januari. Huko juu Mbololo kuna magari mengine yanayokaa vivyo hivyo wakati wowote wa mwaka: pikapu ya mtu anayefanya kazi Mombasa na kurudi nyumbani mara moja moja, trekta iliyomaliza kulima, gari dogo ambalo mwenyewe hulitumia Krismasi tu. Tangu treni ya Madaraka Express ianze safari zake mwaka 2017, wengi huona afadhali kupandia stesheni ya Voi na kuliacha gari kwa wazee. Siku ya kulihitaji, ufunguo unazungushwa, stata inagonga tak, taa za dashibodi zinafifia, na kinachofuata ni kumtafuta jirani mwenye jampa.

Ndugu zetu walioko Minnesota na Kanada hulijua tatizo hili vizuri, maana wengine wao huhifadhi gari majira yote ya baridi. Kwa hiyo wengi hudhani baridi ndiyo adui wa betri. Baridi kweli huifanya betri idhoofike kwa muda, na betri iliyoisha chaji inaweza hata kuganda na kupasuka. Lakini kinachoizeesha kabisa ni joto. Betri ya risasi na asidi, hii ya kawaida ya volti 12, hupoteza chaji yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote, na kasi hiyo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Betri iliyo chini ya boneti la gari lililoegeshwa juani Voi mwezi wa Februari inateseka kuliko ile iliyo kwenye kivuli cha baridi huko mlimani.

Hata hivyo, katika miezi miwili mitatu betri haimalizwi na joto. Inamalizwa na gari lenyewe. Alamu, saa, kumbukumbu ya redio na kompyuta ya injini huendelea kunyonya umeme gari likiwa limezimwa. Tuseme zote kwa pamoja zinanyonya miliampea 50, kiasi cha kawaida kwa gari lenye alamu. Hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45, saizi inayotumika katika magari mengi madogo, itafika nusu kabla ya siku 20. Basi la shule likikaa wiki tisa na kifaa cha kufuatilia gari kikiwa kimewashwa, hata betri kubwa zaidi ya hiyo huenda isifike Januari. Betri ile ile ya ampea-saa 45, waya wake ukiwa umechomolewa, ingepoteza asilimia 5 hivi kwa mwezi, au zaidi kidogo kwenye joto letu, na baada ya miezi miwili gari lingewaka bila shida.

Ndiyo maana nasema njia ya kwanza ya kujaribu ni ile isiyogharimu kitu: spana namba 10 na kuchomoa waya wa hasi. Anza na hasi, usianze na chanya, kwa sababu spana ikigusa chanya na bodi ya gari kwa pamoja inatoa cheche kubwa. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, umwagie maji ya moto, usugue kwa brashi, ukaushe. Ukitaka kuitoa betri kabisa na kuiweka ndani ya nyumba, iweke. Wazee hukataza kuiweka kwenye sakafu ya saruji, lakini betri za leo zina kasha la plastiki na saruji haizifanyi lolote. Hasara ya njia hii ni kwamba alamu inazimika, redio inasahau stesheni zake, na vioo vya umeme vya baadhi ya magari ya Japani huhitaji kupangwa upya. Hayo ni ya dakika chache.

Njia ambayo watu wengi hupenda ni kumwambia kijana wa nyumbani awashe gari kila Jumapili. Hapa ndipo pesa inapopotea. Kuwasha injini kunachota umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha gari likinguruma pale pale dakika kumi, alternata haipati nafasi ya kuurudisha wote pamoja na ule ulionyonywa wiki nzima. Mafuta yanaungua, mvuke unabaki ndani ya ekzosi, na betri inazidi kushuka kidogo kidogo. Kama ni kuliwasha, liendeshwe nusu saa angalau: teremka hadi Voi, urudi. Petroli ikiwa Sh180 kwa lita, safari ya lita mbili ni Sh360, na kwa mwezi ni karibu Sh1,450. Anayeteremka kwa shughuli zake hana hasara. Anayeteremka kwa ajili ya betri peke yake, kwa miezi mitano anatumia pesa zinazokaribia bei ya betri mpya ya gari dogo.

Chaja ndogo ya kujizima yenyewe ni nzuri kwa aliye na stima inayotegemewa. Kadiria kati ya Sh2,500 na Sh6,000. Kujaza betri ya ampea-saa 45 iliyofika nusu hakuli hata nusu uniti, yaani Sh15 hivi za tokeni. Ikiachwa kwenye plagi mwezi mzima, gharama yake haizidi sana Sh100. Usinunue chaja ya zamani isiyojizima ukaiacha imewashwa wiki nzima. Itachemsha maji ya betri hadi sahani zibaki wazi. Na maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri, usiongeze asidi.

Kwa nyumba isiyo na stima ya uhakika, au gari ambalo lazima alamu na kifaa cha kulifuatilia vibaki vimewashwa, paneli ya sola ya wati 20 inatosha kabisa. Kwa jua letu inaweza kutoa zaidi ya ampea-saa 4 kwa siku, na gari linahitaji 1.2 tu. Paneli na kidhibiti chake vinaweza kufika Sh3,000. Kidhibiti usikiache dukani kwa kubana pesa, kwa maana paneli ya namna hii ikiwa haina mzigo hutoa takriban volti 20 na betri inataka isizidi 14.4 hivi. Paneli iwekwe nje kwenye jua. Ikiwekwa ndani ya kioo cha gari, sehemu kubwa ya nguvu yake inapotea.

Kuna pia kumpelekea fundi betri aichaji kwa Sh100 au Sh200. Bei ni ndogo, lakini nauli ya kuishusha na kuipandisha mlima inaweza kuizidi, na betri yenye vifuniko ikibebwa kwa bodaboda humwaga asidi inayotoboa nguo na kuunguza ngozi. Ni njia ya dharura.

Betri mpya ya gari dogo huanzia Sh8,000 hivi, na za pikapu na mabasi hupanda zaidi. Magari yenye mfumo wa kuzima injini kwenye foleni, kama Mazda Demio za i-stop, hudai betri maalum ya bei ya juu zaidi. Betri inayokaa wiki nyingi ikiwa imeisha huota tabaka gumu la salfeti kwenye sahani zake, na baada ya hapo chaja haiirudishii uwezo wake wote.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, nunua au uazime mita. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima asubuhi: volti 12.6 na zaidi ni chaji kamili, 12.4 ni robo tatu hivi, na chini ya hapo ichaji betri kwanza. Kisha chomoa waya wa hasi. Kama alamu ni ya lazima, weka sola yenye kidhibiti. Ile Sh1,450 ya mwezi ya kulizungusha gari bila safari, itumie kwa jambo lingine.